Jinsi ya kupika na vijitabu vya zamani vya chokoleti vya Kimarekani bila kupoteza unga wako

Nianze na aibu yangu. Keki yangu ya kwanza kabisa niliyopika kutoka kwenye kijitabu cha chokoleti cha miaka ya 1950 ilitoka na ladha ya sabuni, na sitanii, mume wangu alitafuna kipande akanyamaza kidogo afu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Nasra, hili bakuli ulilisuuza vizuri kweli?" Na mimi nilifuata kila neno, kijiko kwa kijiko, sikuruka kitu. Nilikasirika nikakitupa kijitabu juu ya kabati kikakaa huko miezi.

Baadae ndo nikaja kuelewa kosa lilikuwa langu. Vile vijitabu vinaongea na mama mmoja wa Kimarekani wa mwaka 1952 hivi, mwenye oveni, mwenye kikombe chake maalum cha kupimia, kakao ya aina moja tu inayouzwa dukani kwao, na mafuta ya kuganda kwenye kopo. Kila ambacho yeye anakijua tayari hakijaandikwa. Kwa hiyo ukijua Kiingereza haitoshi, inabidi ulitafsiri jiko zima, na ukishalitafsiri mapishi yenyewe yanakubali vizuri tu, mengine ni mazuri kuliko haya ya siku hizi yenye vitu ishirini.

Mimi vyangu nilivipata Houston, Marekani nilipoenda kumsalimia dada yangu, kule watu wakihama wanatoa vitu nje wanauza, boksi zima la vijitabu vyembamba vya pini mbili unapewa kwa dola chache. Kama huna mtu huko usijali, tovuti ya Internet Archive ina vingi vimeskaniwa unavisoma bure kwenye simu.

Kwanza jua ni cha mwaka gani

Hii siyo mbwembwe, mwaka unakuambia kwa nini keki iko vile ilivyo. Angalia ukurasa wa ndani wa mwanzo kama kuna mwaka wa hakimiliki. Kama hamna, nenda kwenye anwani ya kampuni. Marekani walianza kutumia zipu kodi, yaani namba za posta, za tarakimu tano mwezi wa 7 mwaka 1963, kwa hiyo anwani isiyo nazo mara nyingi ni ya kabla ya hapo, na ukiona namba ndogo imekaa katikati ya jina la mji na jimbo, mfano "New York 17, N.Y.", basi hicho ni cha kati ya 1943 na 1963. Vya kampuni ya Baker's, wale wenye picha ya yule dada amebeba sinia la chokoleti, kama anwani ni Dorchester, Massachusetts basi ni cha kabla hawajahamisha kiwanda kwenda Dover, Delaware mwaka 1965. Na kama umepata cha Uingereza chenye bei ya shilingi na peni basi ni cha kabla ya Februari 1971 walipobadilisha hela yao, na shilingi hiyo ilikuwa ya peni 12 siyo hii yetu ya senti 100, msije mkaona bei mkashangaa.

Kwa nini inajalisha? Kwa sababu ya vita. Sukari Marekani ilikuwa kwa mgao toka Mei 1942 mpaka katikati ya 1947, na Uingereza ndo kabisa, sukari ilianza mgao Januari 1940 ikaja kuachiwa Septemba 1953. Vijitabu vya kipindi hicho vimejaa keki zisizo na mayai, zenye sukari kidogo, zenye asali au sirapu ya mahindi. Ukipika moja ukaona haina utamu usianze kulaumu mkono wako, ndivyo ilivyokusudiwa.

Jua pia nani anakuuzia nini

Vijitabu hivi vilikuwa tangazo. Mama anapewa bure au kwa senti chache akate lebo atume kwa posta, kampuni inauza kakao. Hamna ubaya, ila soma ukijua hivyo. Mfano kwenye vya Baker's utakuta kila keki inataka unga wa Swans Down na bekingi poda ya Calumet, unaweza ukadhani bila hizo keki haiumuki. Kumbe zote tatu zilikuwa mali ya kampuni moja, General Foods. Kwa hiyo jina la kampuni ruka, angalia kitu chenyewe: huo ni unga laini wa keki, na hiyo ni bekingi poda basi. Unga laini unautengeneza mwenyewe, chukua kikombe cha unga wa ngano wa kawaida, toa vijiko viwili vya chakula, rudishia vijiko viwili vya konifula, chekecha mara mbili tatu.

Na hapohapo kwenye konifula naomba niseme kwa herufi kubwa kwa wale wenye vitabu vya Uingereza: "CORNFLOUR" SIYO UNGA WA UGALI. Ni ile wanga nyeupe laini inayonata vidoleni, Wamarekani wanaiita "cornstarch". Kuna mdogo wangu alipika pudini ya chokoleti kwa sembe, tukaila kama uji wa mtoto.

Vipimo

Kikombe cha Kimarekani ni ml 237, kikombe chako cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 200 au 300, nani anajua. Mimi nimeacha vikombe kabisa, nina kamizani kadogo ka betri na nimeandika kwa penseli pembeni: sukari kikombe kimoja gramu 200, siagi 227, kakao kama 85. Unga ndo una mtego. Wakiandika "1 cup sifted flour" maana yake unachekecha kwanza ndo unapima, inakuja kama gramu 115. Wakiandika "1 cup flour, sifted" unapima kwanza afu unachekecha, hapo ni kama 125. Ni koma tu na mpangilio wa maneno, lakini kwenye vikombe vitatu umeshaongeza gramu 30 na keki imekuwa kavu.

Painti nayo, ya Marekani ni ml 473, ya Uingereza ni 568, usichanganye. "Butter the size of an egg" wanamaanisha kama gramu 55. Na yai lenyewe, la kwao kubwa bila ganda ni kama gramu 50, haya ya kienyeji mengi hayafiki, kwa hiyo wakisema mayai matatu vunja, koroga, pima 150, kama inabidi manne ni manne.

Kuna na "square" moja ya chokoleti. Hiyo ni aunsi moja, gramu 28, ya chokoleti chungu isiyo na sukari hata chembe, ambayo madukani kwetu sijawahi kuiona. Usiweke chokoleti ya kula badala yake, itakuwa tamu mpaka meno yaume na haitakuwa na nguvu. Weka vijiko vitatu vya chakula vya kakao na kijiko kimoja cha mafuta au siagi, hiyo ndo square moja, na wenyewe walikuwa wanabadilishana hivyohivyo.

Kakao, hapa ndo sabuni ilitokea

Kakao (au kokoa kama wanavyosema ndugu zangu wa Kyela wanaoilima) ziko za aina mbili. Kuna ya asili, rangi yake kahawia ya kupauka kidogo, ina uchachu. Na kuna iliyotibiwa kwa alkali kupunguza uchachu, teknolojia ya Waholanzi toka enzi za van Houten miaka ya 1800, hii ni nyeusi zaidi na laini mdomoni. Jiko la Marekani la miaka ya 50 lilikuwa na ile ya asili. Keki zao nyingi zinaumuliwa na bekingi soda, na soda inahitaji uchachu ili ifanye kazi, uchachu wenyewe unatoka kwenye kakao na kwenye maziwa.

Sasa mimi nilitumia Bournville ya Cadbury, kakao nzuri tu naipenda, lakini ni ya alkali, angalia nyuma ya kopo utaona wameandika kirekebisha asidi. Soda ikakosa wa kupigana naye, ikabaki imekaa kwenye keki, ndo ile sabuni. Ukiwa na kakao ya alkali una njia mbili, aidha maziwa ya kawaida yabadilishe yawe mtindi au maziwa mgando, au soda itoe uweke bekingi poda mara tatu ya kipimo. Ya kwanza naipenda zaidi, keki inakuwa laini.

Na tafadhali, chokoleti ya kunywa ya kopo siyo kakao. Ile nusu na zaidi ni sukari. Na magadi ya mawe ya kuivishia maharage siyo bekingi soda, nunua ile nyeupe laini ya pakiti.

Haya mengine kwa haraka: "shortening" ni mafuta ya kuganda, Kimbo inafanya kazi vizuri kabisa. "Oleo" ni majarini, yaani Blue Band zenu (na enzi hizo Wamarekani wengi walikuwa wanauziwa majarini nyeupe na rangi ya njano pembeni unakanda mwenyewe, maana wafugaji wa ng'ombe walipigania isifanane na siagi, jimbo la Wisconsin waliachia mwaka 1967!). "Sour milk" ni maziwa mgando, mala kwa wa Kenya, au kijiko cha chakula cha siki kwenye kikombe cha maziwa uache dakika tano. "Evaporated milk" ni maziwa ya kopo yasiyo na sukari, "condensed" ndo yale mazito ya sukari, ukibadilisha hizi mbili umekwisha.

Moto

"Slow oven" ni 150 mpaka 165 selsiasi, "moderate" ni 180, "hot" ni 200 mpaka 220. Namba zilizoandikwa bila maelezo, mfano 350, ni farenhaiti, usije ukaweka 350 kwenye oveni yako ya selsiasi. Wa mkaa kama mama yangu, moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko kama unavyopalia mkate wa mchele, na "moderate" kwa mama ni pale unaposhika mkono juu ya sufuria tupu ukahesabu mpaka saba ndo unautoa. Sina kipimo cha kisayansi cha hilo ila keki zake zinaiva.

Anza na hii

Usianze na keki ya ghorofa tatu. Anza na ile wanaiita "wacky cake", imo kwenye vitabu vingi vya akina mama wa makanisa na vikundi vya mitaa vya kipindi hicho, haina yai, haina maziwa, haina siagi, na inachanganyiwa kwenye chombo hichohicho inachookewa.

Washa oveni 180. Chukua chombo cha mraba cha sm 20. Chekechea humohumo unga gramu 190, sukari 200, kakao vijiko vitatu vya chakula, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Fanya mashimo matatu kwenye unga kwa mgongo wa kijiko. Shimo moja mimina siki kijiko kimoja cha chakula, la pili vanila kijiko cha chai, la tatu mafuta ya maji ml 80 hivi. Mwaga juu yake maji baridi ml 240, koroga kwa uma mpaka usione unga mkavu halafu ACHA. Usiendelee kukoroga kwa sababu unaona kama haijalainika, siki na soda zimeshaanza kazi na kila dakika unayokaa gesi inatoka, ingiza kwenye moto haraka. Dakika 30 mpaka 35, chomeka kijiti kikitoka kikavu tayari.

Siki iliyopo hapa inaipa soda uchachu hata kama kakao yako ni ya alkali, ndo maana nasema anza na hii. Mara ya kwanza pika kama ilivyo, usipunguze sukari, usiongeze ndizi, usiweke iliki. Naijua mikono yetu. Ukishajua inatakiwa itokeje ndo uanze utundu.

Wanaokaa milimani

Vijitabu vingi vilijaribiwa kwenye majiko ya chini, karibu na usawa wa bahari. Dar, Tanga, Mombasa mko sawa. Nairobi iko kama mita 1,800, Mbeya 1,700, Arusha 1,400, huko hewa ni nyepesi, keki inapanda kwa fujo afu katikati inazama. Kila kijiko cha soda au bekingi poda punguza robo, kila kikombe cha sukari toa kijiko kimoja au viwili vya chakula, maji ongeza vijiko viwili mpaka vinne, moto panda nyuzi kama kumi.

Kwenye fuji ndo inauma zaidi. Fuji ni ile pipi laini ya kakao, sukari na maziwa, na kila kijitabu kinayo, ndo ilikuwa kashata yao. Wanasema pika mpaka 234 hadi 240 farenhaiti, yaani 112 hadi 116 selsiasi. Nikapika kwa mama mkwe Mbeya na kipimajoto changu najiona mtaalamu, nikafika 114 nikatoa, ikaganda kama tofali, shemeji akaivunja kwa mchi. Kumbe Mbeya maji yanachemka kwenye 94 hivi siyo 100, kwa hiyo kila kipimo cha sukari kinashuka kwa tofauti hiyohiyo. Dawa yake: chemsha maji kwanza, soma kipimajoto, tofauti na 100 toa kwenye namba ya kijitabu. Mbeya inakuwa 106 mpaka 110. Mama mkwe alinicheka akaniambia, "Mwanangu, si ungedondoshea kwenye maji baridi tu?" na alikuwa sahihi kabisa, ndo kipimo kingine kilichoandikwa mlemle kwenye kijitabu, tone likiwa kigololi laini kinachobonyea vidoleni imeiva, popote ulipo duniani. Kama unajua kukamata sukari ya kashata unaijua hii tayari.

Ikishaiva toa motoni, weka siagi na vanila, na usiiguse. Usikoroge! Iache ipoe mpaka chini ya sufuria uweze kushika bila kuungua, kama 43 selsiasi, hapo ndo uanze kuipiga kwa mwiko mpaka mng'ao upotee. Ukikoroga ikiwa ya moto inakuwa chengachenga kama mchanga mdomoni.

Za kuziangalia kwa makini

Kuna pai za chokoleti zenye mayai mabichi, ile maarufu ya "French silk" ilitoka kwenye shindano la mapishi la Pillsbury, kampuni ya unga ya Kimarekani, mwaka 1951 na mayai hayapikwi hata kidogo. Kwa joto letu na mayai ya dukani yaliyokaa juani mimi siigusi, nakoroga mayai na sukari juu ya maji ya moto mpaka 71 selsiasi ndo naendelea.

Nyingine ni zinazotaka pakiti ya kampuni. Kuna keki ya "Tunnel of Fudge", ya pili kwenye shindano hilohilo mwaka 1966, ndani inabaki na mto wa chokoleti laini, Marekani nzima iliichangamkia mpaka sufuria zake zenye tundu katikati zikaadimika. Siri yake ilikuwa pakiti ya unga wa aisingi ambayo baadae kampuni iliacha kuitengeneza, wakabidi waandike upya mapishi. Kwa hiyo ukiona resipi ya zamani inategemea pakiti, usihangaike na ile ya asili, tafuta toleo la baadae.

Ukishaiva, jaribu "German chocolate cake"

Siyo ya Wajerumani jamani. German ni jina la mtu, Samuel German, aliyetengeneza chokoleti tamu ya kuokea pale Baker's mwaka 1852, ikaitwa kwa jina lake. Keki yenyewe ilikuja kuvuma baada ya kutoka kwenye gazeti la Dallas, Texas mwaka 1957, watu wakaimaliza chokoleti madukani. Naiweka mwisho kwa sababu ile krimu ya juu ni ya nazi, na hapa sisi wa pwani tuna la kusema.

Krimu: kikombe cha maziwa ya kopo yasiyo na sukari, sukari gramu 200, viini vya mayai vitatu, siagi gramu 115, vanila kijiko cha chai. Bandika kila kitu kwenye moto wa kati, koroga bila kuacha dakika 12 hivi mpaka iwe nzito, ya rangi ya dhahabu. Kijitabu kinasema ongeza kikombe na theluthi cha nazi na kikombe cha karanga za pekani. Nazi yao ni kavu ya pakiti yenye sukari. Ukitia nazi mbichi uliyokuna saa hiyohiyo krimu inatoa maji na inateleza kwenye keki yote inaishia kwenye sahani. Ikune nazi yako, kamua tui la kwanza upikie kitu kingine, machicha yake yakaange makavu kwenye kikaango bila mafuta mpaka yaanze kunukia na kubadilika rangi kidogo, ndo uyatie. Pekani weka korosho zilizokaangwa uzikatekate. Acha ipoe kabisa kabla hujaipaka, na pembeni usipake, inapakwa juu na katikati tu, pembeni unaacha keki ionekane.

Na kijitabu chenyewe usikiweke karibu na jiko wakati unapika. Piga picha ukurasa, pikia kwenye simu. Simu ukiimwagia krimu unaifuta.